Hori la ndama wa bibi: ni boya la ndege ya vita au nimechanganyikiwa?

Wakuu, wakubwa shikamooni, wa rika langu oya. Hii ni kweli tupu. Nikiongeza chumvi, nirudishwe kidato cha kwanza.

Nasoma hapa Geita, naishi na mama Kalangalala. Ugonjwa wangu ni flying boat, zile ndege za zamani, nyingi za vita, ambazo tumbo lake ni boti. Chini ya mabawa zina maboya, zisilale upande zikitua ziwani. Wenzangu wanaangalia mpira, mimi naangalia picha za maboya. Nivumilieni.

Likizo nikaenda kwa bibi, Samuye. Kazi ya kwanza, kunywesha ndama. Namimina maji horini, nikaganda.

Hori ni la aluminiamu, refu, limechongoka mbele, ribiti za kubana bati zimepangwa kama meno. Boya la ndege, limekatwa katikati!

"Bibi, hili limetoka wapi?"

"Nimeolewa nimelikuta. Mimina maji, mume wangu, ndama wana kiu."

"Bibi, hii ni ndege ya vita!"

"Basi irushe, ila ninyweshee ndama kwanza."

Tatizo, mjomba Shija alikuwepo. Mjomba ni mchimbaji. Kwa wachimbaji wa huku, kitu cha vita ni cha Mjerumani, na Mjerumani alifukia dhahabu akaweka alama juu yake.

Asubuhi naamka, mjomba na wenzake wako na sururu. Hori wamelitupa kwenye miiba, wanachimba pale lilipokuwa.

"Mjomba, mali ndiyo hiyo mliyoitupa!"

"Dogo, alama hailiwi. Kaa pembeni."

Wakuu, hapo nikapotea kabisa. Wao wananiona chizi, mimi nawaona machizi, bibi anatuona wote machizi. Halafu ndege ya ziwani ilifikaje Samuye, ambako hata bwawa la maana hakuna?

Jioni wamechoka, dhahabu hakuna hata ya kuziba jino. Mjomba akaleta grenda, alikate hori, eti labda ramani iko ndani ya bati.

Nikaingia horini, nikalala chali kama maiti.

"Toka, dogo."

"Sitoki. Kata na mimi."

Bibi akaja na fimbo ya ng'ombe. "Shija! Ndama wangu wamenywea sufuria kutwa nzima. Shimo hilo utalisakafia, litakuwa hori lao. Na wewe mume wangu, ndege yako hiyo, ondoka nayo."

Sasa liko kwa mama, kwenye korido ya nyumba ya kupanga. Wapangaji wanapita kiubavu wakinisonya.

Nikitazama ribiti, naapa ni ndege. Nikigeuza, kuna bawaba. Boya la ndege lina bawaba? Au lina mfuniko? Sijui.

Nilichojifunza: ukiwa na mjomba mchimbaji, ukiona kitu cha vita sema tu ni bati.

Mama kanipa mpaka Jumamosi nithibitishe, la sivyo anapanda mchicha humo. Picha hizo hapo chini. Wajuzi, semeni upesi, mbegu keshanunua.