Barua ya Mchimba Visima

Kitabu kilikuwa kimoja, wasomaji wawili, na subira hawana hata chembe. Ndiyo maana mfagizi wa wodi na wifi yake, dada wa mumewe, waliipasua ile riwaya katikati: yeye nusu ya kwanza, wifi nusu ya pili, wabadilishane Jumapili. Jumapili ikafika, wifi hakuleta nusu yake. Jumatatu darasa la watu wazima likakaa, kila mmoja asome barua aliyoitunga kwa sauti ya mhusika wa riwaya.

Mfagizi alijiandaa kwelikweli. Zilibaki alama za barua tu apokelewe kusomea kazi ya msaidizi wa muuguzi, aagane na ndoo na ufagio. Alijivika roho ya mchimba visima wa riwaya ile, anayemwandikia binti yake aliyenuna akahama nyumbani: "Mwanangu, nisubiri. Jumamosi nakuja kukuchukua."

Wifi alitangulia kusoma, kwa madaha yake yote, yeye akiwa yule binti. "Shangazi, tangu kisima kimfukie baba, sijalala..."

Wifi alipoketi tu, mfagizi akamvuta mkono.

"Amekufa lini?"

"We! Hukumaliza kitabu?"

"Ningemalizaje, na mwisho umeukalia wewe?"

"Jamani, nilisahau. Sema unaumwa."

Kuumwa gani kwa mwalimu yule? Sheria yake wote waliijua: asiyemaliza kitabu, sifuri. Kabla ya zamu ya mfagizi walibaki wasomaji wawili. Kisha mmoja. Maji yalikuwa shingoni. Alimkasirikia wifi, akamkasirikia na mchimba visima, mtu mzima kujifia bila taarifa. Akashika kalamu, akaongeza mstari mmoja juu ya barua.

"Haya, wewe," mwalimu akaita.

Akasimama. "Barua hii ilikutwa mfukoni mwa shati lake, walipokuwa wakimvua." Kisha akaisoma yote kama ilivyokuwa, mpaka Jumamosi. Wifi, mcheshi yule, alikuwa akijifuta macho.

Mwalimu akaandika kumi na nane kati ya ishirini.

"Mazishi yake yaliniliza hata mimi," akasema. "Wewe je, ulipofika pale?"

Uongo ulikuwa tayari ulimini. Lakini alimwonea uchungu mno yule baba, hakuweza kudanganya msibani kwake.

"Sijafika, mwalimu. Nusu ile anayo wifi, sijaisoma."

Mwalimu aliitazama ile alama, akaiacha ilivyo, kisha akaifunika kalamu yake.

"Mpe kitabu chake," akamwambia wifi.