Hodi kwa Zimwi la Jicho Moja

Watu wa Iringa wanaomkumbuka Yunusu bin Mrisho humkumbuka kwa sauti yake. Mimi namkumbuka kwa ukaidi, maana nilikaa naye ndani ya gari la sinema miaka tisa, magoti yetu yakigongana, na katika miaka hiyo yote sikumbuki kama niliwahi kumaliza sentensi. Jina langu Kasian, mzaliwa wa Igowole. Nilikuwa dereva wa gari lile na mwendesha mashine ya sinema. Natangulia kusema hivyo kwa sababu Yunusu mwenyewe, kila alipousimulia mkasa huu, alinisahau kabisa, kana kwamba picha zilijionyesha zenyewe.

Babu yake alifika Iringa kutoka Bagamoyo akiwa mpagazi. Alisema atapumzika wiki moja tu, apate nguvu ya kurudi, na kaburi lake liko hukohuko Iringa. Yunusu alizaliwa mjini, akasoma Kurani chuoni, na mwalimu wake alimfukuza mara mbili kwa kosa lilelile la kuongea. Alipokua akapata kazi ya upishi kwa Bwana Stavro, Mgiriki mwenye shamba la tumbaku nje ya mji. Katika jiko lile alikaa miaka kumi na mmoja.

Stavro hakuwa mtu mbaya, lazima niseme haki. Alikuwa mjane, na upweke ulimfanya awe na maneno mengi kuliko tumbaku. Kila jioni alivuta kiti hadi jikoni, akaanza kusimulia hadithi alizosimuliwa na bibi yake huko Ugiriki, kwa Kiswahili chake cha kuungaunga. Kulikuwa na mfalme ambaye kila alichokigusa kiligeuka dhahabu, na Yunusu akaona mtu huyo angefaa sana kupelekwa Makongolosi, kwenye machimbo ya dhahabu. Kulikuwa na kijana aliyepaa kwa mbawa za nta, akalisogelea jua mpaka zikayeyuka. Kulikuwa na mwanamke mwenye nyoka badala ya nywele, na hapo Yunusu alikuwa na maswali mazito: alilalaje, na nani alikubali kumsuka? Lakini alipofungua kinywa tu, Mgiriki alimwambia, "Nyamaza, koroga," naye akaendelea na hadithi yake. Kwa mtu kama Yunusu, hiyo ilikuwa sawa na kufungwa miaka kumi na mmoja kwa kazi ngumu.

Mwaka 1956 kampuni moja ya sabuni ikaleta gari la sinema nyanda za juu, nami nikaajiriwa kuliendesha. Picha zilikuwa za Kiingereza, kwa hiyo ilihitajika mtu wa kusimama kando ya kitambaa cheupe na kipaza sauti, aeleze kwa Kiswahili kila kinachotokea, na hapo katikati aisifu sabuni. Yunusu aliposikia kwamba duniani kuna kazi ya kuongea saa mbili mfululizo na watu wamenyamaza, alivua aproni palepale. Mama yake, Bi Zuena, alimsihi asimwache Mgiriki wake. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, alimwambia. Hakusikia. Kampuni ikampa mwezi mmoja wa majaribio, na mwisho wa mwezi mkaguzi angekuja kumpima. Akishindwa, anarudi jikoni kukoroga, na jiko lilikuwa linamngoja, maana Stavro hakutafuta mpishi mwingine. Alikuwa akila mayai ya kuchemsha asubuhi na jioni.

Siku ya kupimwa ilitukuta Chimala. Tuliazima ghala la mpunga, tukafunga milango yote ili liwe giza mchana ule, na watu wakajaa hadi juu ya magunia, wote wakipiga chafya kwa vumbi la pumba. Mkaguzi, Bwana Eliezeri, alikuwa mtu wa tai na kalamu tatu mfukoni. Picha ilikuwa imefika asubuhi hiyohiyo, hakuna kati yetu aliyekuwa ameiona. Maelezo yake yalikuwa kwenye karatasi ya Kiingereza, na Bwana Eliezeri akaikunja karatasi ile, akaikalia. Huo ndio mtihani wenyewe, alisema.

Na nani nimwone anaingia, akachukua kiti cha mbele? Stavro. Alikuwa anakwenda Mbeya kwa shughuli za tumbaku, akasikia habari za mtihani. Aliniambia mlangoni bila aibu yoyote, "Mimi nakuja chukua mpishi yangu."

Nikawasha mashine. Roketi ikapaa katikati ya nyota. Ndani mlikuwa na wanaume waliovaa kofia kama sufuria, na nahodha mwenye ndevu akionyesha ramani kwa kidole. Ghala likanyamaza, na Yunusu naye akanyamaza. Hilo lilinitia hofu kuliko roketi, maana sikuwahi kuliona. Bwana Eliezeri akachomoa kalamu ya kwanza.

Kisha ikaonekana kwamba watu wale walitoka vitani nyota ya mbali, wanatafuta njia ya kurudi kwao, na mwaka wa kumi huo hawajafika. Yunusu akafunika kipaza sauti kwa kiganja, akanijia kwenye mashine, akaninong'oneza, "Kasian, hii naijua. Hii ya bibi yake Mgiriki. Wameivalisha kofia ya chuma tu."

Hakukosea. Katika miaka yetu tisa tulionyesha picha nyingi za watu wa nyotani, na kila mara bibi yule wa Ugiriki alikuwamo. Roketi ikikaribia jua na kuanza kuyeyuka, Yunusu alisema ni kijana wa nta huyo. Akitokea malkia wa mwezini mwenye mipira ya maji kichwani inayochezacheza, alisema ni yule wa nyoka, na bado hajapata msusi. Wazungu wa sinema, kwa maoni yake, walikuwa wapishi wavivu: wanapasha kiporo, wanabadilisha sahani.

Basi siku ile ulimi ukamfunguka. Alieleza jambo kabla halijatokea, na likatokea. Mkanda wa pili ukaonyesha nahodha na watu wake wakitua kwenye nyota ya mawe. Wakakuta pango, ndani mna mabakuli ya maziwa mgando na zizi la wanyama wenye sufu. Wakaketi, wakala. Mwenye nyumba akarudi machungani akiswaga mifugo yake: zimwi kubwa, lenye jicho moja katikati ya paji la uso. Yunusu akapaza sauti kwamba hilo ndilo zimwi katili, na hawa ndio mashujaa wetu, tuwapigie makofi. Hakuna aliyepiga. Mkanda ukaisha hapo, nami nikainama kubadilisha.

Katikati ya ghala akasimama Mama Tusekile, mwanamke wa Kinyakyusa aliyekuwa akiuza mchele Chimala, mpana wa kutosha kuziba njia.

"Ngoja kwanza," alisema. "Hawa watu wamepiga hodi?"

Yunusu akakiri kwamba hawakupiga.

"Huyu mzee ana jicho moja. Mke hana, anachunga mwenyewe. Watu wameingia kwake, wamekula maziwa yake yote, hata salamu ya kamwene hawajasema. Halafu wewe unatuambia tuwashangilie?"

Ghala zima likamuunga mkono. Chimala iko Usangu, nchi ya wafugaji, na hapa alikuwa mfugaji mwenzao ameonewa. Mmoja akauliza zizi lina vichwa vingapi. Mwingine akasema faini yake ni fahali, wa tatu akasema fahali hatoshi. Walikuwa wamefungua baraza, na baraza halikatizwi kwa ajili ya sinema. Nilipotaka kuwasha mkanda wa tatu, mtu akaweka kiganja chake juu ya lenzi yangu, kiganja chenye mafuta, nami nikakasirika kwelikweli. Bwana Eliezeri alikuwa anaandika haraka.

Hapo Yunusu, katika kujitetea, akafanya kosa. Akasema yeye ni msemaji tu, wasimlaumu; hadithi ina wenyewe, na nahodha yule ni babu yake bwana yule aliyeketi kiti cha mbele.

Vichwa vyote vikageuka. Usangu, kama kwetu Igowole, mkosaji asipokuwapo ndugu zake wapo. Mama Tusekile akamsogelea Stavro kwa heshima zote. "Baba," akamwambia, "babu yako amekosa. Simama umwombee."

Stavro akacheka. Alipoona anacheka peke yake, akauangalia mlango, na mlango ulikuwa mbali. Akainuka. Mwanga wa mashine yangu ulipenya kati ya vidole vilivyoziba lenzi, upara wake ukang'aa kama sahani. Akafika mbele, akagonga mti wa kitambaa kwa kidole.

"Hodi," akasema.

Watu wakamgeukia Yunusu, kwa kuwa kinywa cha zimwi kilikuwa chake. Nilimwona anakaza kipaza sauti mkononi. Mbele yake alisimama mtu aliyemnyamazisha miaka kumi na mmoja, anangoja kujibiwa.

"Karibu," akasema kwa sauti nzito ya zimwi. "Lakini umechelewa. Miaka kumi na mmoja unakaa kwenye jiko langu, unakula chakula changu, hujaniuliza hata siku moja mimi nasemaje."

Mama Tusekile akasema kumbe kesi ni kubwa kuliko alivyodhani. Wengine wakaguna, miaka kumi na mmoja ni maziwa mengi. Tulioelewa tulikuwa watatu tu, na mmoja wao shingo yake ilikuwa imegeuka nyekundu kama pilipili. Nilimwonea huruma Mgiriki, na nilimwonea fahari Yunusu, ingawa sikumwambia mpaka leo.

"Samahani," alisema Stavro polepole. "Mimi sikujua."

Zimwi likasamehe. Ghala likapiga makofi, kiganja kikatoka kwenye lenzi, nikaifuta, nikawasha.

Sasa mkanda wa tatu. Wapatanishwa wale, hata hawajakaa vizuri, wakachukua mti mrefu, wakauchonga, wakautia motoni, wakaanza kulinyatia zimwi lililolala. Yunusu alijua tangu mwanzo kwamba hapa tutafika. Mimi nilikuwa nahesabu hatua za kufika kwenye gari, kwa sababu wakivunja kitu wangeanza na mashine yangu.

Yunusu hakutetereka. Akaeleza kwamba jicho la mzee lilikuwa linamsumbua siku nyingi, na kwa kuwa sasa wamepatana, wageni wanamtia dawa. Zimwi likanguruma. Dawa inauma, akasema Yunusu, dawa zote nzuri zinauma. Wanawake waliowahi kutiwa dawa ya macho hospitali wakasema kweli kabisa. Roketi ikaruka, zimwi likatoka pangoni likipapasa, likairushia majabali. Yunusu akasema anawatupia viazi vya njiani. Jabali moja likapiga roketi likang'oa bawa. Viazi vya nyotani ni vikubwa, akasema. Watu wakamshangilia nahodha, wakalishangilia na zimwi. Mwisho akatangaza kwamba mzee alipopona, kitu cha kwanza alinawa uso kwa sabuni yetu, na maboksi yote yakaisha kabla sijakunja kitambaa.

Nje, Bwana Eliezeri akakunjua karatasi yake. Karatasi ilisema zimwi linatobolewa jicho. Kazi ya msemaji ni kueleza picha, alisema, si kutunga uongo, naye ameshaandika nusu ya taarifa. Kwa ajili ya haki tu, akamgeukia Stavro.

"Hadithi ni ya kwenu. Lile zimwi lilitiwa dawa, au lilitobolewa jicho?"

Yunusu alinyamaza, mara ya pili siku hiyo. Neno moja lingetosha kumrudisha jikoni, na mwenye neno alikuwa ametukanwa mbele ya ghala zima na alikuwa na njaa ya mwezi mzima. Nami nilianza kumchukia kabla hajasema.

Stavro akajikuna shingo. "Natia dawa," akasema. "Bibi yangu nasimulia hivyohivyo. Karatasi yako nakosea."

Bwana Eliezeri akaikunja tena karatasi yake. Kisha akachagua kalamu nyingine, akaifuta ile nusu ya taarifa, na Yunusu akapata kazi.

Mgiriki akapanda lori lake, akawasha injini, halafu akaizima. Akatoa kichwa dirishani. "Yunusu. Ile nyama ya kondoo wewe napika siku zote. Naanza na nini?"

Yunusu akamsogelea, akaanza kumweleza. Alianzia kwenye namna ya kumchagua kondoo angali hai. Jua likazama hajafika kwenye chumvi, na Stavro ameketi hapo, mikono kwenye usukani, hakumkatiza hata mara moja.