Meno Yaliyopishana

Juzi daktari wa meno alinionyesha kinywa cha binti yangu: chonge na gego dogo vimebadilishana nafasi. "Hii inatoka mu familia, Mama. Haiko kosa ya muntu."

Nilikumbuka mchana mmoja kwetu Ngungu, nyumba ikinuka maziwa yaliyofurika jikoni. Jino la utoto likitoka, tulilirusha juu ya bati, moja moja. Mdogo wangu Neema alitokwa na mawili pamoja, akanipa. Kwa uvivu nikayarusha kwa mkupuo mmoja, nikayasikia yakibiringika. Mapya yalipoota yamepishana, nilijua ni mimi niliyeyachanganya. Sikumwambia mtu.

Tulipokimbia vita, Neema alitupotea njiani. Kambini Lushebere, Papa, baba yetu, alimsimamisha kila msichana wa umri wake: "Cheka kidogo, mama, nione meno." Wakacheka wote. Hakuna aliyekuwa yeye.

Daktari akaniuliza: "Tuyanyooshe?"

"Uyaache, dokta," nikamwambia. "Mudogo wangu akiwa angali muzima, siku moja atayaona, atajua huyu ni mutoto wetu."