Nilichokisikia Chini ya Gari

Labda hakikuwa kitu. Hivyo ndivyo nilivyojiambia usiku tatu mfululizo, nikiwa nimelala chali nyumbani kwa mama yangu huko Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda. Labda kilichogonga kiganja changu kilikuwa mapigo ya moyo wangu mwenyewe. Labda ni bomba la moshi lililotikisika. Labda ni jeki iliyozama kidogo kwenye udongo, au jiwe lililobingirika karibu na kiwiko changu. Nilikuwa na majibu manne na kila jibu nililipima upya, maana kama hakuna hata moja lililo sahihi, basi nilikuwa nimesema uongo mbele ya watu, na Jumamosi bibi harusi angepanda gari ambalo mimi nilikuwa nimelitangaza kuwa zima.

Gari lilikuwa la baba mmoja mwenye duka la vitenge hapo Misiera, mtaa mmoja wa kambi, Mkongomani wa Kivu ya Kusini kama sisi, tunayesali naye kanisa moja. Alilinunua mjini Mbarara kwa mtu aliyelichoka. Lilikuwa gari la michezo, jekundu, milango miwili, limeinama hadi chini kama linatafuta kitu kilichoanguka. Kwenye barabara zetu za udongo tumbo lake lilikwaruza kila tuta. Watu walimcheka, naye akacheka pamoja nao, kwa sababu alikuwa na mpango: gari hilo lingekuwa la maharusi, na wa kwanza kulipanda angekuwa binti yake mwenyewe.

Shida ilikuwa usukani. Polepole hapa kambini gari lilikwenda vizuri, lakini akifika kwenye lami ya Kaberebere, njia ya kwenda mjini, na kukanyaga mafuta, linakuwa na papara. Unaligusa kidogo, linaruka sana. Unaliacha, linachagua njia yake. Alisema alikuwa akishuka garini shingo imekauka.

"Mama," aliniambia, maana kwetu binti wa mtu huitwa mama, na baba wa mtu huitwa papa, "hii motoka inanikimbizaka roho. We njo ulisoma. Kuja uangalie."

Mimi ndiye niliyesoma. Nilikuwa nimerudi kutoka Mbarara na shahada ya uhandisi wa mitambo. Kazi sikuwa nayo, ila cheo nilikuwa nacho: kutoka kisimani hadi kanisani niliitwa Injeniya. Kanisa hilohilo lilinichangia ada. Kila mtu aliyeniita hivyo nilimwona kama anauliza swali, na sikuwa na jibu. Katika miaka yote ya chuo nilishika spana mara chache sana. Niliyajua magari kwenye karatasi.

Kwa hiyo kabla ya kwenda nilisoma usiku kucha kwenye simu. Nikaandika orodha: upepo wa matairi, upana wa matairi, pembe za magurudumu ya mbele, viungo vya usukani. Asubuhi nilipofika Misiera, watu kama kumi walikuwa wamekusanyika, na kabla sijagusa chochote nilishatoa hukumu. Nilisema magurudumu ya mbele yametazama nje, kila moja linavuta upande wake, na dawa ni kulipeleka gari Mbarara kwenye mashine ya kupima mwelekeo. Niliongea vizuri. Nilichora hata kwa kijiti mchangani.

Mzee mmoja fundi, Mrundi, ambaye karakana yake ni turubai na magogo mawili, alikuwa amefika kabla yangu. Alikuwa amefunga kamba pande zote mbili za gari, kutoka mbele hadi nyuma, akipima kwa rula umbali kati ya kamba na kila rimu. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kweli, mbele pametoka kidogo, lakini hiyo siyo inayolitia gari wazimu. Alishuku nyuma. Alieleza kwamba gurudumu la nyuma limeshikwa na mkono wa chuma, na kwenye ncha ya ule mkono kuna bushi, pete ya mpira inayokaza kiungo. Mpira ukichakaa, gurudumu la nyuma linageuka kidogo bila ruhusa, na dereva anadhani ni usukani.

Alitaka kuhakikisha. Njia yake ni ya zamani: mmoja anashika gurudumu kwa mikono miwili na kulisukuma na kulivuta, mwingine analala chini, kiganja juu ya kiungo. Jicho linaona kutu tu, alisema. Mkono ndio unaosikia kiungo kilicholegea kikicheza. Lakini gari lilikuwa chini mno, hata lilipoinuliwa na jeki na kuwekewa magogo, na yeye ana kitambi. Akanitazama.

"Injeniya, wewe ni mwembamba. Ingia. Mimi nasukuma, wewe uniambie unachosikia."

Nikalala kwenye kipande cha boksi, nikaingia mpaka kiunoni, miguu yangu ikabaki nje mbele za watu. Nikaweka kiganja pale aliponielekeza. Akasukuma. Akavuta. Na nikasikia: tok. Kitu kidogo, kama mtu anayegonga mlango kwa adabu. Akasukuma tena, tok.

Ningependa kuandika kwamba sikuelewa. Nilielewa palepale. Lakini nilielewa pia kwamba nje kuna watu kumi na mchoro wangu mchangani. Nikaona kwa akili jinsi nitakavyotoka chini ya gari nikiwa na vumbi mgongoni na kusema mzee asiye na cheti amepata na mimi nimekosa. Nikawasikia wakisema, ndiyo hiyo shahada ya msichana tuliyoichangia. Hakuna aliyekuwa amesema neno. Mimi ndiye niliyewasemea wote, nikiwa chini huko, kwa muda usiozidi pumzi mbili.

"Unasikia nini?" mzee akauliza.

"Hakuna kitu," nikasema.

Mwenye gari akapiga makofi. Akamwambia mzee akusanye kamba zake, kamba ni za kufungia mbuzi, motoka ya sport inataka mashine. Watu wakacheka. Mzee akazikunja kamba zake taratibu, akizizungusha kwenye kiwiko.

Kesho yake tulikwenda Mbarara, mimi na mwenye gari. Kwenye ile gereji yenye mashine, kijana Mnyankole aliyeihudumia alifunga vifaa vyake kwenye magurudumu manne, akaniuliza swali ambalo baadaye nilijua huulizwa kila mteja.

"Nyabo," yaani bibi, "bushi zote mmeangalia? Hakuna yenye inacheza? Hii mashine inapima gari yenye imesimama. Kitu ikicheza, haiwezi kujua."

"Tumeangalia," nikajibu. Uongo wa pili ulikuwa mwepesi kuliko wa kwanza. Haukuhitaji hata pumzi.

Mbele kweli palikuwa pametoka, akaparekebisha. Tulipotoka mjini gari lilikwenda limenyooka, na mwenye gari akaanza kuimba. Nikaanza kujiamini. Labda nilikuwa sahihi tangu mwanzo, nikawaza, labda ile tok ilikuwa kitu kingine. Halafu, mbele kidogo ya Kaberebere, kwenye mteremko wenye kona, aliachia mafuta ghafla kwa ajili ya ng'ombe. Sehemu ya nyuma ya gari ikahama. Pua ikaruka kuelekea mtaro, akaikamata, ikaruka upande wa pili, akaikamata tena. Nilishika dashibodi kwa mikono yote miwili.

Yeye alicheka. "Njo sport iko vile," akasema. "Iko na nguvu mingi."

Nilijua kwamba haiko vile. Gari linapoteza mwelekeo unapoachia mafuta, kwa sababu hapo ndipo uzito unapohama na ule mkono wa nyuma unapata nafasi ya kucheza. Nilikuwa nimesoma maneno hayohayo kwenye simu yangu usiku ule. Nikafungua mdomo, nikasema aendeshe polepole.

Jumapili alisimama kanisani wakati wa ushuhuda. Alimshukuru Mungu kwa binti anayeolewa, kwa gari, na kwa Injeniya wetu, tunda la jasho la kanisa hili, aliyeona kile ambacho mafundi wa kamba hawakuona. Wakanipigia makofi. Mama yangu alilia kwa furaha. Mchungaji akaniita mbele wanishike mikono. Nilikwenda. Nilisimama pale nikitazama viatu vyangu, na watu wakadhani ni unyenyekevu.

Baada ya ibada nilisikia wawili wakisema watamnyang'anya yule mzee pikipiki yao waliyompa aitengeneze.

Siku zilizofuata niliandika ujumbe mwingi kwa mwenye gari na kuufuta wote. Nikatunga njia nzuri, na hii ndiyo inayoniaibisha kuliko zote: ningemwambia kwamba nimegundua hitilafu mpya. Bushi imekufa wiki hii, barabara mbovu, Papa, mambo ya kawaida. Gari lingetengenezwa, bibi harusi angefika salama, na mimi ningebaki Injeniya, tena mwangalifu zaidi. Nililipenda wazo hilo kwa siku nzima. Kasoro yake ilikuwa moja tu. Mzee angebaki fundi wa kamba za mbuzi.

Jumatano asubuhi nilikwenda kwake kwanza. Chini ya turubai hapakuwa na pikipiki wala gari, alikuwa akinoa panga la jirani. Nilimwambia kila kitu bila kukaa, haraka, kama mtu anayesoma barua ya mwingine. Alijaribu ukali wa panga kwa kidole gumba.

"Nilijua," akasema.

Nikamuuliza alijuaje.

"Nilikuwa nimeshika gurudumu. Lilicheza mikononi mwangu pia. Na miguu yako ilishtuka, mara mbili."

"Kwa nini hukusema, Mzee?"

"Ningesema nini? Wewe ndiye uliyekuwa chini. Wewe ndiye uliyesoma." Akageuza panga upande wa pili. "Nilingoja utoke useme. Siku ile, halafu kesho yake. Leo unaniambia mimi. Mimi nilikuwepo, binti yangu. Unaniambia ili iwe nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kusamehewa au kutukanwa. Nilimwomba twende wote dukani. Akasema hapana, haendi dukani kwa mtu aliyeziita kamba zake za mbuzi, na kwamba nikitaka kulileta gari, magogo yapo.

Nilitembea peke yangu. Njiani nilihesabu wote wanaoweza kuwa dukani saa hiyo, na nikajipa ruhusa ya kurudi ikiwa watazidi watano. Walikuwa saba au wanane. Gari lilikuwa nje, limeoshwa, na dada za bibi harusi walikuwa wakikata utepe mweupe wa kulipamba. Mwenye gari aliponiona akasema, huyu hapa Injeniya wetu, mpeni kiti.

Sikukaa. Nilisema siku ile chini ya gari nilisikia kiungo cha nyuma kikicheza, mara mbili, na nikasema hakuna kitu. Nilisema mzee alikuwa amepata na mimi nilijua kwamba amepata. Nilisema Mbarara niliulizwa tena na nikadanganya tena. Nilirudia neno "nilijua" mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kwa sababu niliogopa wakilisahau wangenitafutia udhuru.

Mmoja wa dada za bibi harusi akaweka mkasi chini.

"Lakini Mbarara baliisha kuitengeneza," mwenye gari akasema. "Tulirudi muzuri."

"Ile kona ya Kaberebere, Papa. Haikuwa sport. Ilikuwa ni hiyo."

Alinitazama, na niliona akiikumbuka kona, na mtaro, na viti viwili vya gari lile, na nani angekaa kwenye kile cha kushoto.

"Na mutoto wangu atafika kanisani na nini?"

"Sijui, Papa. Si na hii."

Ufunguo ulikuwa juu ya meza, kati ya vitenge. Niliuchukua mwenyewe, bila kuomba. Nikatoka nje, nikafungua mlango, nikazungusha ufunguo usukani ulegee bila kuwasha injini, ili niweze kuushika kwa mkono mmoja huku nikisukuma kwa bega, nikalegeza breki ya mkono, nikaanza kulisukuma gari kuelekea kwenye turubai la mzee, mbele ya wote waliokuwa wakinitazama.