Nilidhani Kiharusi ni Harusi Ndogo

Harufu ya mchele na iliki vikiungua kwenye mafuta hunirudisha jikoni kwetu Tottenham, ghorofa ya nne, Jumamosi moja nilipokuwa na miaka saba. Bibi, mama yake mama, alikuwa akipika vitumbua. Alikuja kutoka Pemba kukaa nasi, kwa sababu mama alifanya kazi ya kuwatunza wazee na zamu zake hazikutabirika.

Katuni yangu ndiyo kwanza ilikuwa imeanza. Nikasikia upawa umeanguka. Nilipochungulia, Bibi alikuwa ameshikilia meza, mdomo umekwenda upande, anasema maneno yasiyo maneno. Niwaambie ukweli: nilicheka. Bibi alikuwa na mtindo wa kunifanyia sura za kuchekesha, na ile niliiona bora kuliko zote. Nilicheka mpaka vitumbua vikaanza kutoa moshi, naye hakuvigeuza. Hapo kicheko kikanikauka.

Mama alitoka bafuni mbio. "Mama! Mama, hebu nyanyua mikono yote miwili!" Wa kushoto ulipanda, wa kulia ukabaki unaning'inia.

Mwanamke wa gari la wagonjwa alishikilia swali moja tu: hali hii imeanza saa ngapi? Mama hakujua. Wakanigeukia mimi. Nikasema, kwa Kiingereza kama nilivyozoea, kwamba ni pale katuni yangu ilipoanza, nikaitaja jina. Mama akamwambia huanza saa tatu kamili. Yule mwanamke akaandika juu ya glavu yake, nami sikuelewa katuni yangu inamhusu nini.

Hospitalini mama alimpigia simu mjomba. "Mama kapata kiharusi," alisema, akaanza kulia. Kiswahili changu kilikuwa cha kusikia tu, lakini harusi niliijua: hina, biriani, viatu vya kung'aa. Basi kiharusi kilikuwa harusi ndogo. Nikamuuliza mama, "Bibi anaolewa na nani?" Alinitazama, akanivuta kifuani.

Daktari alieleza kuwa bonge la damu limeziba mshipa kichwani, na kwa vile tumewahi na saa inajulikana, Bibi angepewa dawa ya kuliyeyusha. Kisha akauliza kuhusu vidonge vya presha. Mama akajishika kichwa. Bibi alikuwa ameviacha tangu mfungo, maana alijiona mzima.

Alirudi nyumbani baada ya wiki kadhaa, akiburuta mguu. Mazoezi yaliurudisha mkono kidogo kidogo. Maneno ndiyo yaliyochelewa. Mimi aliniita "Birika." "Birika, njoo." Niliamini ananiadhibu kwa kile kicheko. Nikawa namletea birika, kila mara, naye akitikisa kichwa na kurudia, "Birika, birika," huku machozi yanamtoka. Nikadhani ni hasira. Nikaanza kumkwepa.

Nilikuwa mtu mzima, Bibi ameshafariki, nilipokuja kuelewa kwamba kiharusi chaweza kuharibu mahali maneno yanapokaa, na akili ikabaki timamu. Alinijua vizuri sana. Alikuwa akilitafuta jina langu, ulimi unamtolea jingine, na sikio lake linalisikia kosa. Mimi nilikuwa nikimletea birika, kumbe yeye alikuwa akiniita mimi.