Kitambaa cha Msiba Mpakani Tunduma

Kaka yangu alifia kwenye migodi ya shaba, Rodesia ya Kaskazini, nami nikatumwa na ukoo kwenda kumrudisha mjane wake nyumbani Ndalambo. Alichomwachia mkewe ni cherehani moja ya mkono. Hiyo ndiyo ingemlisha, maana hawakujaliwa mtoto.

Nilikuwa nimesoma hadi darasa la nne, na kila mtu alilijua hilo kwa sababu nililitangaza mwenyewe. Sokoni nilisikia kwamba serikali hukata fungu lake katika mali ya marehemu inayovuka mpaka. Sikuhakikisha kwa yeyote. Mjuaji kama mimi angemuuliza nani?

Basi tulipokaribia Tunduma, nilimwambia shemeji afungue kitambaa cheusi alichojifunga kichwani. Kwetu mjane hakivui mpaka ukoo ukae na kumaliza msiba. Akakifungua, akakikunja, akakitia kifuani. Nikamfundisha aseme kwamba cherehani ni yake, aliinunua mwenyewe, na anakuja kuwasalimu wakwe. Barua ya mgodini, iliyotaja kifo cha kaka na mali aliyoiacha, niliificha ndani ya kiatu changu.

Karani wa ushuru alimuuliza mumewe yuko wapi.

"Yuko kazini," alisema, macho chini.

Karani akafungua daftari. Alieleza bila haraka kwamba kitu cha kununua kinalipiwa ushuru papo hapo. Kingekuwa urithi, wenye barua ya kuthibitisha, kingepita bure. Tusipolipa, cherehani itabaki pale. Nauli ilikuwa imetumaliza, hatukuwa na kitu.

Nilitamani ardhi inimeze. Nikavua kiatu mbele ya watu waliokuwa wakingoja zamu zao, nikatoa ile barua iliyolowa jasho. Karani aliisoma hadi mwisho, akamgeukia shemeji.

"Mama, mumeo yuko kazini au amekufa?"

Alinitazama mimi, mkono wake ukiwa kifuani, pale penye kitambaa.

"Shemeji, safari hii niseme nini?"

Nikajibu mimi, kwamba amekufa. Tangu habari za msiba zitufikie nilikuwa nikisema ametutoka, ametangulia. Neno lenyewe lilikuwa limenishinda. Mara ya kwanza kulitamka juu ya kaka yangu ilikuwa pale, kiatu mkononi, ili cherehani ipite.