Risasi na Mipaka ya Mtaa

Juzi, kwenye basi la kwenda mtaa wa Evere, hapa Bruxelles, mama mmoja wa Lubumbashi alikuwa akimsomea binti yake kutoka kwenye simu viwango vya mauaji vya miji ya Marekani. Binti amepata nafasi ya chuo Chicago, na jibu linatakiwa Ijumaa.

"Angalia! Boston iko chini. Hata New York iko chini. Juu ya nini weye unachagua Chicago?"

"Maman, ile ni chiffre ya ville muzima, namba ya muji yote. Inategemea quartier, mutaa gani."

"Risasi inajua mupaka ya quartier?"

Kabla binti hajajibu, ukaingia ujumbe wa sauti. Mama akaufungua kwa sauti ya juu, kama ilivyo desturi yetu tulio ughaibuni, na basi zima likamsikia mdogo wake akizungumza kutoka Lubumbashi: "Yaya, dada yangu mukubwa, tulisikia ku radio asema Bruxelles banapigana risasi. Murudie kwetu!"

Mama akacheka, akasogeza simu mdomoni. "Mudogo wangu, usiogope! Bruxelles iko mukubwa. Ile mambo iko kule mbali. Siye huku Evere tunalala muzuri."

Binti akainua nyusi.

"Usiniangalie vile," mama akasema.

Sikuweza kumlaumu. Mji wa mbali tunaujua kwa namba moja; ule tunaoishi una mitaa, majirani na duka la mkate. Nilipokuwa nashuka, nilimsikia akisema kwa sauti ya chini: "Bon. Hiyo chuo iko quartier gani? Nionyeshe ku carte, ku ile ramani ya simu."